NENO KWA WAZAZI: Ufunguo wa Pikipiki

Wazazi wapenzi, mahindi yakiisha kuuzwa huko Handeni, baba wengi huwaza kumnunulia kijana pikipiki. Si wazo baya. Pikipiki hufikisha mgonjwa Korogwe upesi, tena huleta senti za ada. Lakini nawauliza: kijana huyo ana miaka mingapi?

Leseni ya gari, na ya pikipiki hizi za bodaboda, hupewa aliyetimiza miaka 18. Tena sheria humshika pia mwenye chombo anayemwachia mtu asiye na leseni. Basi ukimpa mtoto wa miaka 15 ufunguo, kosa si lake peke yake.

Kijana ana nguvu za mikono, ila hajazoea kupima mwendo wa lori linalomjia. Akinywa pombe, macho huchelewa kuona, mkono huchelewa kushika breki, na moyo hujaa ushujaa wa bure. Ndiyo maana kiasi kile kile cha pombe humhatarisha mgeni wa barabara kuliko dereva wa siku nyingi.

Wala msidanganyike kwamba kahawa au maji baridi huondoa ulevi. Mwili huusafisha polepole, saa kwa saa. Aliyekunywa gongo arusini mpaka usiku wa manane aweza kuamka alfajiri kileo kingali damuni, akashika njia kuu ya Segera yenye mabasi na malori.

Marekani waliona vijana wao wakifa hivyo. Sheria yao ya mwaka 1984 iliyabana majimbo yazuie pombe kwa walio chini ya miaka 21, na ya mwaka 1995 ikataka dereva wa umri huo asikutwe na kileo damuni, ila kiasi kidogo mno. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kipimo kimoja kwa kijana na mzee: miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Mwezi wa Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba. Lakini gongo lingali likipikwa vijijini, na polisi hawezi kusimama kila kona. Pengo hilo ni lenu kuliziba.

Basi wekeni sheria ya nyumbani. Asiye na leseni haendeshi. Kijana aliyeonja pombe haendeshi siku ile, wala asubuhi yake akiwa bado hajatulia. Akinywa, alale huko huko na kuleta habari. Nanyi msimgombeze usiku ule, asije akaogopa na kupanda pikipiki. Baba naye akinywa arudi kwa miguu, maana mtoto hufuata nyayo.

Kanisa halikukataza divai. Bwana wetu alikuwako arusini Kana. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2290, yafundisha kwamba anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Hiyo ni amri ya tano.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; na barabara ni mwalimu mkali mno. Mfunzeni ninyi kwanza. Mungu awalindie watoto wenu.