Ujasiriamali si Mgeni Balambala

Siku hizi ni nadra kwa muhula kumalizika bila profesa wa biashara kualikwa katika chuo fulani humu nchini ili awahutubie wanafunzi kuhusu ujasiriamali na mabadiliko ya jamii. Ujumbe wake aghalabu ni ule ule: ajira za serikali zimeadimika, kwa hivyo vijana wasitafute kazi bali wazibuni wenyewe. Wanafunzi hupiga makofi, mkuu wa chuo hutoa shukrani, kisha kila mtu hushika njia yake.

Mimi ni mwalimu, na hotuba za aina hiyo nimezisikiliza nyingi. Sina ugomvi na nia yake. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha ndani yake, kwamba anayehutubiwa hajui biashara, na kwamba ufukara wa kwao umeletwa na uhaba wa fikira.

Dhana hiyo na ipelekwe Balambala, eneo bunge la Kaunti ya Garissa lililo kandokando ya Mto Tana, tuone kama itasimama. Kijana wa huko huingia chuoni akiwa tayari amelelewa katika biashara. Amemwona mzee wake akipima ni mnyama yupi auzwe kabla kiangazi hakijakaza, na ni yupi aachwe awe mbegu ya kesho. Soko la mifugo la mjini Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki, na ng'ombe wanaovuka kutoka Somalia hupitia humo wakielekea Nairobi na Mombasa. Mengi katika biashara hiyo hutegemea neno la dalali, ambaye Wasomali humwita dilaal. Neno ni lile lile, sote tulilipokea kutoka Kiarabu. Akina mama nao huuza maziwa ya ngamia na kuweka akiba kwa upatu, ambao wao huuita hagbad au ayuuto. Je, huu si ujasiriamali?

Basi ikiwa ujuzi upo, dhiki inatoka wapi? Sehemu ya jibu imo katika waraka maarufu wa serikali, Sessional Paper Nambari 10 wa mwaka 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali ambapo zingeleta ongezeko kubwa zaidi la mapato. Maeneo ya mvua na mashamba yalipewa. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Sehemu nyingine ni ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilifululiza bila mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni mbili wakafa katika maeneo kame ya Kenya. Mfanyabiashara ambaye mtaji wake wote umelala mzoga porini hahitaji kuambiwa awe na ujasiri. Anahitaji kinga.

Hapo ndipo msomi ana kazi ya kufanya, na tunao mfano wa karibu. Mwanauchumi Mkenya, Andrew Mude, pamoja na wenzake katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, walianza na swali la mfugaji mwenyewe: nani atanifidia mifugo yangu ikifa kwa ukame? Kuhesabu mizoga katika nyika isiyo na mipaka hakuwezekani. Basi wakatumia setilaiti kupima ukijani wa malisho; malisho yakipungua kupita kiwango kilichowekwa, mwenye bima hulipwa. Bima hiyo ilianza Marsabit mwezi wa Januari 2010. Ilipofika Wajir mwaka 2013, ilitolewa kwa utaratibu wa takaful, unaokubalika katika Uislamu. Mwaka 2016 Mude alitunukiwa tuzo ya Norman Borlaug.

Sisemi kwamba bima hiyo imemaliza shida. Walioinunua kwa fedha zao ni wachache kuliko ilivyotarajiwa, na wako waliopoteza mifugo bila kulipwa kwa kuwa setilaiti iliona majani. Hata hivyo, njia ni sahihi: ilianza na shida ya mwenyeji, kisha ikaiheshimu imani yake.

Linganisheni na desturi yetu ya kuazima mifano bila kuipima. Kila mhadhiri humtaja Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh, ambaye mwaka 1976 aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra dola 27 za mfukoni mwake, na mwaka 2006 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Benki ya Grameen. Ni habari njema. Lakini mkopo wa Grameen hutozwa riba, na mama Mwislamu wa Balambala anayeiogopa riba hawezi kuupokea kwa moyo mkunjufu. Benki zinazofuata sharia zilianza kufunguliwa Kenya mwaka 2008. Mhadhiri asiyelijua hilo atamlaumu mama huyo kwa woga, kumbe ni uchaji.

Na tusisahau kwamba hotuba ya chuoni hujengwa juu ya msingi wa shule. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa. Chuo kilifunguliwa tena mwezi wa Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka 2020, kufuatia mashambulizi mengine, walimu wasio wenyeji walihamishwa kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki, na madarasa mengi yakabaki bila mwalimu. Siwalaumu walimu wenzangu. Uhai hauna badala. Nasema tu kwamba mtoto aliyekosa mwalimu wa hesabu leo hatasomewa ujasiriamali kesho akaelewa. Wala ujasiriamali usifanywe kisingizio cha serikali kukwepa kujenga barabara, kuleta usalama na kuajiri walimu.

Rai yangu kwa maprofesa ni hii: mnapoalikwa Garissa, tangulieni sokoni kabla ya kupanda jukwaani. Muulizeni dalali jinsi anavyomjua mwaminifu, na mama wa maziwa ni kiasi gani huharibika njiani. Nanyi wanafunzi, andikeni hesabu za biashara za wazazi wenu, mwezi kwa mwezi, mpate kujua faida ilipo na hasara ilipo. Daftari hilo ndilo kitabu cha biashara kinachokosekana katika maktaba zetu, na hakuna profesa mgeni atakayewaandikia.