Mzazi, usizime filamu kabla ya mwiba kung'olewa

Shule zinapofungwa, sebule nyingi hugeuka kuwa sinema. Watoto hukusanyika mbele ya runinga tangu asubuhi, nao wazazi hubaki na swali moja: je, filamu hii yawafaa au haiwafai? Walimu nao hujiuliza vivyo hivyo kila wanapotaka kuwaonyesha wanafunzi filamu darasani. Swali lenyewe ni jema. Kasoro iko katika namna tunavyolijibu, kwani wengi wetu huihukumu filamu kwa sura yake. Tukiona mchawi, twasema ni ya kishetani. Tukiona uchi, twasema ni aibu. Tukiona nembo ya kampuni mashuhuri ya Marekani, twasema ni salama, kisha twaenda zetu jikoni.

Majuzi nilimtembelea mwalimu mwenzangu nikawakuta wanawe wakitazama filamu ya vibonzo iitwayo "Kirikou et la Sorcière", yaani Kirikou na Mchawi. Robo saa haijatimia, mwenzangu aliwaona wanawake wa kijijini wakiwa vifua wazi, akaizima runinga kwa hasira. Watoto wakatawanyika. Siku ya pili aliniambia kwamba kitinda mimba wake alikataa kulala peke yake, akilia kwamba Karaba atakuja kumla. Kwake yeye, huo ulikuwa ushahidi kwamba filamu ile haifai. Kwangu mimi, ulikuwa ushahidi wa jambo jingine kabisa: mtoto yule alipewa ugonjwa akanyimwa dawa.

Filamu hii ilitolewa mwaka wa 1998 na Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi Conakry nchini Guinea utotoni mwake. Kisa chake kimechotwa katika ngano za Afrika Magharibi, na muziki wake ulitungwa na Youssou N'Dour wa Senegal. Mwaka wa 1999 ilipata tuzo kuu ya filamu ndefu katika tamasha la vibonzo la Annecy, Ufaransa. Hata hivyo, ilipata taabu kusambazwa Uingereza na Marekani kwa sababu ile ile iliyomkasirisha mwenzangu. Ocelot alikataa kuwavisha wahusika wake sidiria. Wanawake wale wanateka maji, wanatwanga na kulea watoto, wala kamera haiwatazami kwa tamaa. Anayeona uchafu pale hana budi kujiuliza kama ameukuta katika filamu au ameingia nao.

Tuje kwenye kisa chenyewe. Kirikou ni mtoto mdogo mno anayezungumza angali tumboni mwa mamake. Punde tu azaliwapo anauliza alipo babake, naye anajibiwa kwamba ameliwa na Karaba mchawi. Chemchemi ya kijiji imekauka, na lawama anabebeshwa Karaba huyo huyo. Wanakijiji wanaogopa, wanachukia, na basi. Ni Kirikou peke yake anayeuliza swali ambalo hakuna mtu mzima anayetaka kulisikia: kwa nini Karaba ni mwovu?

Jibu analipata kwa babu yake mwenye hekima. Karaba hakuwala wanaume. Aliwageuza vinyago vya kumtumikia. Chemchemi haikukaushwa naye. Mlikuwa na mnyama ndani yake aliyekunywa maji yote. Ila hofu ya watu ilimzidishia nguvu, ndiyo maana akawaacha waamini waliyoyaamini. Tena, uovu wake una chanzo. Zamani wanaume walimshika wakamdunga mgongoni mwiba wenye sumu, naye hana raha mchana wala usiku. Kirikou anapomwomba babu hirizi ya kumkinga, ananyimwa. Anakwenda bila kinga, na mwiba ule anaung'oa kwa meno yake mwenyewe. Uchawi unamtoka Karaba, na vinyago vinarudi kuwa watu.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watalitambua hili mara moja. Katika kisa cha Fumo Liyongo, siri ya jagina imo katika kitovu chake, na mwanawe mwenyewe anamchoma humo kwa sindano ya shaba. Pale, anayeijua siri ya mwili wa mwenzake aliitumia kuua. Hapa, anayeijua siri anaitumia kuponya. Mwalimu anayetafuta mada ya mjadala katika shule ya sekondari hahitaji kwenda mbali.

Lakini sababu yangu kuu ya kuitetea filamu hii haimo katika silabasi. Mnamo Mei 2008, watu 11 waliuawa huko Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani katika kaunti iyo hiyo kwa tuhuma kama hizo. Huko Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa miaka nenda miaka rudi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kumekuwa na ugomvi wa shamba. Walioshika mawe na viberiti walikuwa watoto siku moja. Walifundishwa kumwogopa mchawi. Je, ni nani aliyewafundisha kuuliza kama kweli ni yeye aliyekausha chemchemi? Filamu inayomzoeza mtoto kutenganisha uvumi na kweli, na kosa na mkosaji, si ya kuzimwa katika nchi kama yetu.

Sisemi kwamba haina dosari. Mandhari ya mnyama wa chemchemini anayetobolewa kwa chuma cha moto yaweza kumtisha mtoto wa miaka mitatu au minne. Mwisho nao una haraka: Karaba anambusu Kirikou, mtoto anageuka kijana mtu mzima, na papo hapo wanakuwa wachumba. Msichana mwerevu atauliza kama mwanamke aliyeumizwa na wanaume anaponywa kwa kuolewa. Mwalimu asimkemee. Hilo ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo katika karatasi za mtihani.

Bodi ya Kuainisha Filamu nchini hutumia alama nne: GE, PG, 16 na 18. Alama hizo ni msaada mkubwa, lakini hueleza umri tu. Hazielezi mtoto atakwenda kulala na wazo gani kichwani. Isitoshe, alama ya PG humaanisha kwamba mtoto anahitaji mwongozo wa mzazi, na mzazi hawezi kuongoza akiwa chumba kingine.

Kwa hivyo napendekeza maswali matatu ya kuipima filamu yoyote ya watoto nyumbani. Mosi, uovu uliomo una sababu, au mwovu yupo tu ili apigwe? Pili, jagina anashinda kwa akili na huruma, au kwa mabavu zaidi ya adui yake? Tatu, filamu ikiisha, mtoto ana swali la kuuliza, au anataka tu kununuliwa mwanasesere? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa robo saa. Ni sharti mzazi aketi, atazame hadi tamati, kisha azungumze na wanawe.

Mwenzangu nilimshawishi. Jumamosi iliyofuata tuliitazama tena sote, tangu mwanzo hadi mwisho, saa moja na dakika zisizozidi 15. Mwiba ulipong'olewa, yule kitinda mimba alishusha pumzi, akamgeukia babake akamwuliza: "Baba, kwani nani alimdunga?" Mwenzangu alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kumweleza.