Nani Kasema Makumbusho ni ya Watalii?

Tangu alfajiri hadi usiku, wapiga debe wa Dar es Salaam hulitaja neno hili pengine kuliko mwanahistoria yeyote nchini: "Makumbusho! Makumbusho!" Abiria hupanda, hushuka, hubadilisha daladala, kila mmoja akawahi anakokwenda. Stendi ya daladala inayoitwa hivyo imepata jina kutokana na Kijiji cha Makumbusho, kilichopo jirani tu kwenye Barabara ya Bagamoyo, kilichoanzishwa miaka ya 1960 ili kuonyesha nyumba za asili za makabila ya Tanzania. Muulize abiria anayepita hapo kila siku kama amewahi kuingia ndani ya lango la kijiji hicho. Mara nyingi atacheka kwanza, kisha atajibu: pale ni kwa Wazungu.

Jibu hilo linasikika pia Nairobi, Kampala na Mombasa. Analitoa mwenye bodaboda, analitoa mwenye shahada tatu. Linalouma zaidi ni kwamba hata wapangaji wa bajeti wanaliamini, na muundo wa serikali unalithibitisha. Makumbusho ya Taifa ya Tanzania yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Uganda nako, mambo ya kale yamewekwa wizara moja na utalii na wanyamapori. Fuvu la babu na pembe ya kifaru vimetiwa kapu moja, na kapu lenyewe limeandikwa "mgeni".

Imani hii ni ya uongo, na inagharimu.

Lugha yenyewe inaipinga. Makumbusho ni mahali pa kukumbushana, na mtu hakumbushwi jambo ambalo hakuwahi kulijua. Mgeni kutoka Oslo akisimama mbele ya mkuki wa Kihehe ataelezwa, na akielezwa vizuri atafurahi. Wa kukumbushwa ni yule ambaye bibi yake aliwahi kumtajia jina la mwenye mkuki. Waliochagua neno hili la Kiswahili walijua wanajenga kwa ajili ya nani.

Anayebisha na aende Songea. Mji huo uko kusini kabisa mwa Tanzania, mbali na njia ya Serengeti na mbali na fukwe za Zanzibar, na watalii wanaofika huko ni wa kuhesabu. Hata hivyo kila Februari umati hukusanyika katika Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Huja wazee na ngoma zao, huja wajukuu na vitukuu. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye aliuawa siku hizo. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na haujaacha kukiulizia. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo hapo, akakutana na wazao hao na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na nchi yake. Mkuu wa dola ya Ulaya hakuvutwa Songea na kipeperushi cha utalii. Alivutwa na watu waliokataa kusahau, na ambao walikuwa na mahali pa kukutania.

Kisa cha Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, kinastahili kusimuliwa polepole zaidi. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua kwa risasi Julai 1898 ili asishikwe na Wajerumani waliomwinda kwa miaka. Kichwa chake kilikatwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa makubwa yaliandika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na humo, katikati ya vifungu vya mipaka mipya na fidia nzito, kimo kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi 6. Miezi 6 hiyo iligeuka miaka 35. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa mengi, na Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge. Twining alikuwa na hesabu zake za kisiasa, na wapo wataalamu waliotilia shaka kama fuvu lile ndilo lenyewe. Lakini tangu 1898 hadi 1954 ni miaka 56. Watoto walizaliwa, wakakua na kuzaa, na dai halikufa. Leo fuvu hilo limo ndani ya jengo dogo la makumbusho pale pale Kalenga. Mtu anayesema Mwafrika hana utamaduni wa makumbusho atueleze basi Wahehe walikuwa wakidai nini muda wote huo.

Kigali hata swali la makumbusho ni ya nani halijitokezi. Katika kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Wageni wapo, tena wengi. Lakini inapofika Aprili, na mwenye ndugu pale chini akafika na maua yake, hakuna anayethubutu kumwambia kwamba mahali pale ni pa watalii.

Sasa yatazamwe madhara. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda humsimamishia marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu nguzo ya mti iliyochongwa, kigango, ambayo haipaswi kung'olewa ilipowekwa. Ndani ya kigango kuna roho ya mzee, na kukigusa bila ruhusa ni kuitafutia familia balaa. Ilipojulikana kwamba wageni wananunua, vigango vilianza kutoweka. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka Marekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti huyo akavitambua nchini Marekani, kila kimoja katika makumbusho ya chuo au ya jimbo tofauti, na cha kwanza kiliporudishwa Kenya zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita. Mnyororo huo wote, kuanzia kijana aliyeng'oa usiku, duka la vinyago lililouza, hadi tajiri aliyenunua na kutoa zawadi, uliungwa na wazo moja: kwamba kitu cha kale thamani yake iko machoni pa mgeni. Ndilo wazo lile lile la abiria wa Makumbusho, ila hapa limeshika panga.

Kampala, wazo hilo lilivaa suti. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 na ndiyo makongwe kuliko mengine katika eneo hili. Kunako mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa kuyabomoa ili pajengwe kituo cha biashara cha ghorofa 60. Hoja ilieleweka kwa urahisi: ardhi ni ya bei, wageni wanaoingia si wengi, kwa nini isitumike kwa faida? Ukikubali kwamba makumbusho ni ya watalii, huna tena jibu, maana duka lisilo na wateja hufungwa. Watetezi wa urithi waliokimbilia mahakamani walikuwa na jibu kwa sababu hawakuukubali msingi huo. Jengo bado limesimama.

Zanzibar inafundisha kwa upande wa pili. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 na ambalo baadaye liligeuzwa makumbusho, linatazama Forodhani, katikati kabisa ya Mji Mkongwe. Mji huo uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kama kuna jengo la pwani lililozungukwa na watalii asubuhi, mchana na jioni, ni hilo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Kama wingi wa kamera za wageni ungekuwa dawa ya kuta zilizochoka, jumba hilo lingekuwa la mwisho kuanguka.

Wapo wanaosema: sawa, lakini elimu ya makumbusho yenyewe ililetwa na Wazungu, wao ndio waliochimba na kukusanya. Nusu ya kweli hii inaficha watu. Kati ya 1909 na 1913, msafara wa Kijerumani ulichimba mifupa ya dinosauri katika kilima cha Tendaguru, Lindi, na zaidi ya tani 200 zikasafirishwa hadi Berlin. Waliochimba, waliofunga na waliobeba kwa kichwa hadi bandarini, mwendo wa siku kadhaa, walikuwa mamia ya watu wa kusini, na fundi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Dinosauri mmoja wa Tendaguru, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama hadi leo katika makumbusho ya Berlin, na watoto wa mji huo hupelekwa kumtazama wakiamini kabisa kwamba makumbusho yale ni yao. Kadhalika mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, jicho lililoona kipande cha kwanza cha mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, lilikuwa la Mkenya Kamoya Kimeu.

Lakini lawama zisitupiwe abiria wa daladala peke yake. Makumbusho mengi yanajiendesha kana kwamba imani hiyo ni kweli. Mafanikio hupimwa kwa idadi ya wageni kutoka nje na fedha walizoacha getini. Kiingilio cha mwenyeji kweli ni kidogo kuliko cha mgeni, na fedha za mgeni husaidia kulipa mishahara, hilo lisidharauliwe. Ila kiingilio kidogo hakitoshi ikiwa mama wa watoto wanne hapati wa kumsimulia, ikiwa maelezo ukutani yameandikwa kwa lugha ya tasnifu, au ikiwa mwanafunzi huletwa mara moja akiwa darasa la sita, akapangwa mstari, akakatazwa kugusa, akarudishwa kwenye basi. Kijiji cha Makumbusho chenyewe kilishaonyesha njia: tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikikabidhi uwanja wake kwa jamii moja moja, ikaja na vyakula vyake, ngoma zake na wazee wake. Siku hizo watu hawaulizi pale ni kwa nani. Kinachostahili kuulizwa ni kwa nini siku hizo ni chache, na kwa nini bajeti yake haianzi kuandikwa kabla ya ile ya vipeperushi.

Kuna hoja ya mwisho ambayo vijana huipenda: kila kitu kiko kwenye simu. Kule Tana River, Wapokomo walikuwa na ngoma yao takatifu, ngadji, iliyokuwa ishara ya mamlaka ya wazee na sauti ya kuwakusanya watu. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na kwa zaidi ya karne imekaa katika ghala la British Museum, London. Picha yake ipo, mwenye simu ataiona leo hii. Wapokomo wameiona pia, na bado wanadai ngoma yenyewe.