USITOKE KAZINI BILA CHETI



Twawaona wenzetu wakizunguka milango ya viwanda tangu alfajiri. Wengi ni mafundi hodari, lakini wakiulizwa walifanya kazi wapi, hawana hata karatasi moja. Basi fundi wa miaka kumi huandikwa kama kibarua wa jana.

Wazee wetu walivishwa kipande shingoni tangu 1920, nacho kilimfaa tajiri. Cheti cha kazi chakufaa wewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yasema aliyetimiza majuma manne mfululizo apewe cheti aondokapo. Kionyeshe jina la mwajiri na lako, kazi uliyofanya na mahali pake, siku ya kuanza na ya kuacha. Mwajiri akikataa kwa kusudi, aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Lakini halazimiki kukusifu. Usigombane naye kwa hilo.

Kisome kabla ya kutoka, weka nakala nyumbani. Ukinyimwa, mwone mwakilishi wa chama upesi. Mali bila daftari hupotea bila habari.