Mtoto akisimama kusikiliza muziki njiani, usikimbilie kumvuta

Asubuhi ya siku ya kazi haina huruma kwa mzazi. Mtoto hajamaliza chai, kiatu kimoja hakionekani, na foleni kituoni inazidi kurefuka. Katika haraka hiyo, neno ambalo mtoto hulisikia kuliko mengine ni "twende". Huambiwa hivyo anapoinama kutazama sisimizi, na huambiwa hivyo tena anapomkodolea macho mpiga gitaa aliyekaa kando ya stendi.

Haraka ya aina hii iko katika kila jiji, na kuna jaribio moja lililoionyesha wazi.

Ijumaa ya Januari 12, 2007, gazeti la The Washington Post la Marekani lilimwomba Joshua Bell, mmoja wa wapiga fidla mashuhuri duniani, apige muziki katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha L'Enfant Plaza, jijini Washington. Alivaa jinzi na kofia ya kapelo, akasimama karibu na mlango kama wanamuziki wengi wanaotegemea sarafu za wapita njia. Fidla aliyoshika ilitengenezwa mwaka 1713 na fundi Antonio Stradivari. Siku tatu kabla, watu walikuwa wamejaza ukumbi mjini Boston kumsikiliza, na kiti kizuri kiliuzwa kwa takriban dola 100.

Pale kituoni alipiga kwa dakika 43. Watu 1,097 walipita mbele yake, na waliosimama kumsikiliza kwa dakika moja au zaidi walikuwa 7 tu. Alikusanya dola 32 na senti 17, ukiacha noti ya dola 20 aliyopewa na mtu aliyemtambua.

Mwandishi Gene Weingarten, ambaye makala yake kuhusu jaribio hilo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2008, aliona jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulifikiria. Hakukuwa na kundi la watu wazima lililoonekana kusikiliza zaidi ya jingine. Watoto ndio waliokuwa tofauti. Kila mtoto aliyepita alijaribu kusimama kutazama, na kila mara mzazi wake alimwondoa. Mtoto mmoja wa miaka 3 aligeuza shingo huku akivutwa, hadi mama yake akajiweka katikati ili asimwone mpiga fidla.

Je, mama huyo alikosea? Hapana. Alikuwa na mtoto wa kufikisha na kazi ya kuwahi, na mwajiri hapokei udhuru wa fidla. Lakini tukio hilo linaonyesha tofauti iliyopo kati ya ubongo wa mtu mzima na wa mtoto.

Mtu mzima amejifunza kuchuja. Akiwa na haraka, ubongo wake huweka kando sauti na sura zisizohusu safari yake, na bila hivyo asingefika popote. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupanga na kuelekeza umakini, huendelea kukua hadi mtu anapoingia miaka ya 20. Kwa hiyo mtoto anayesimama ghafla njiani mara nyingi hafanyi ukaidi. Amekutana na jambo jipya na ubongo wake umelipokea lote.

Wataalamu wa makuzi wanasisitiza kwamba mtoto hujenga lugha na utulivu wa moyo pale anapoonyesha kitu na mtu mzima akamjibu. Anaponyoosha kidole na mama akasema, "Ile ni fidla, inalia kwa kamba," somo limefanyika. Akinyoosha kidole mara nyingi bila kujibiwa, anaweza kuacha kunyoosha.

Mzazi hahitaji saa nzima. Kama muda upo, simama dakika moja, chuchumaa ulingane na kimo chake na umuulize anasikia nini. Kama muda haupo, usimvute kimya kimya. Sema, "Nimemwona, anapiga vizuri. Leo tumechelewa, utaniimbia wimbo wake tukifika." Anapojibiwa hivyo, mtoto anajua alichokiona kina thamani, hata kama hakukaa. Na ikiwa mnapita njia hiyo kila siku, tokeni nyumbani dakika tano mapema angalau siku moja kwa wiki.

Kama kuna sarafu, mpe mtoto aiweke mwenyewe. Anajifunza kwamba aliyekaa pale yuko kazini. Jijini London, wanamuziki wa vituoni hupiga kwa leseni tangu mwaka 2003, na Paris pia huwafanyia usaili kabla ya kuwapa kibali. Si watu wa kudharauliwa.

Pamoja na hayo, linda masikio yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 75, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda salama unavyopungua. Fidla au gitaa lisilo na spika, mtoto akiwa mbali kidogo, si tatizo kubwa. Spika kubwa za mitaani ni jambo jingine. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, msogeze mtoto mbali.

Epuka pia kumpa simu kila safari ili atulie. Shirika hilo linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na aliye chini ya hapo asitazame kabisa. Dirisha la basi lina mengi ya kumfundisha.

Septemba 2014, Bell alirudi kupiga katika stesheni ya Union Station, Washington. Safari hii ilitangazwa mapema, na umati ulijaa, wakiwamo wazazi na watoto wao. Watu wazima nao husikiliza wakiutenga muda. Mtoto wako hana uwezo wa kupanga ratiba ya asubuhi, wewe unao.