Ndege ya Shamba Ikigeuzwa ya Vita, Bunge Liulizwe Kwanza

Sisi wa Manyatta, tunaoishi chini ya Mlima Kenya, hatustaajabu tukiambiwa kwamba ndege ndogo ya raia yaweza kufanywa chombo cha vita. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ndege za polisi wa akiba, Piper na Cessna za aina ile ile waliyosafiria walowezi, zilidondosha mabomu madogo katika msitu wa mlima huu na wa Nyandarua. Zikafuata Lincoln za jeshi la Uingereza zenye mabomu mazito. Msitu ulikuwa umepigwa marufuku kwa amri, na aliyeonekana humo kutoka angani hakuwa na nafasi ya kujieleza. Mbunge wa kumuuliza hatukuwa naye: Waafrika wa kwanza kuchaguliwa waliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957.

Sasa tunaye mbunge. Je, aliulizwa nini Januari 2017?

Mwezi huo serikali ya Marekani iliarifu Kongresi yake kwamba imekubali Kenya iuziwe ndege 12 za Air Tractor AT-802L na 2 za mafunzo, pamoja na silaha, kwa gharama isiyozidi dola milioni 418, yaani zaidi ya shilingi bilioni 40 za wakati huo. Air Tractor hutengenezwa Texas kwa kunyunyizia mashamba dawa. (Mkulima wa kahawa wa hapa kwetu hubeba dawa yake mgongoni.) Huruka chini na polepole, hubeba mzigo mkubwa, na hutua kwenye uwanja mbovu. Ukiikinga injini na rubani kwa vyuma, ukaifunga kamera, ukatundika makombora chini ya mabawa, umepata ndege ya vita.

Hatusemi jeshi lisiwe na ndege kama hizo. Askari waliovamiwa El Adde Januari 2016 walistahili msaada wa angani, na ndege inayoweza kukaa juu yao kwa saa nyingi si anasa. Tunalolalamikia ni njia. Aliyepiga kelele kuhusu bei alikuwa Ted Budd, mbunge wa North Carolina, akidai kampuni ya jimboni mwake, IOMAX, iliachwa ilhali ingetoza kidogo. Alikuwa akitetea ajira za watu wake, naam. Lakini ni yeye aliyetufumbua macho kuhusu fedha zetu sisi. Mpango huo haukutimia na ndege hazikuletwa. Uchunguzi tulioudai hapa nao haukutimia.

Katiba ya 2010 haikunyamaza. Ibara ya 227 yataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi na wa ushindani. Ibara ya 241 yakataza jeshi kupelekwa kutuliza ghasia mahali popote nchini bila idhini ya Bunge la Taifa, na ndege inunuliwayo kwa ajili ya Somalia yaweza kuruka juu ya Boni, au juu ya mlima huu, siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunamtaka mbunge wetu apeleke hoja: mkataba wowote wa ndege za kivita uwekwe mbele ya kamati ya ulinzi kabla ya kutiwa sahihi, bei ikiwamo, na masharti ya kuitumia ndege ndani ya mipaka yetu yaandikwe humo.