Vyaelea vimeundwa, lakini kwa fedha za nani?

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mnamo Mei 17, 2024, malori yaliyobeba chakula cha msaada yalianza kupita juu ya gati la chuma lililokuwa likielea kwenye ufuo wa Gaza. Gati hilo liliundwa na wanajeshi wa Marekani. Makadirio ya kwanza ya gharama yake yalikuwa dola milioni 320, ingawa baadaye yalishushwa hadi dola milioni 230. Kabla ya mwezi huo kwisha, mawimbi yalikuwa yamelivunja. Likakokotwa hadi bandari ya Ashdod kwenda kutengenezwa, likarudishwa, likaondolewa tena kwa kuhofia bahari iliyochafuka, na ilipofika Julai 17 wakuu wa jeshi wakatangaza kwamba kazi yake imekwisha. Siku ambazo gati hilo lilitumika hasa hazikupita 20 na chache.

Wako waliolicheka gati hilo, na wako waliosikitika kwa ajili ya wenye njaa waliokuwa wakilisubiri. Sisi tulio mbali, na hasa walimu na wanafunzi wa nchi yenye pwani, twapaswa kujiuliza maswali mawili. La kwanza: ikiwa taifa ambalo limetumia fedha za jeshi kuichunguza bahari kwa zaidi ya miaka 80 bado laweza kushindwa na mawimbi, taifa ambalo halijiwekei akiba ya elimu hiyo litayakabili kwa silaha gani? Swali la pili ndilo kiini cha makala haya: elimu hiyo ya pwani ilitafutwa kwa faida ya nani, na sasa ni mali ya nani?

Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo katika uhandisi wa pwani ilizaliwa vitani. Katika Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Marekani na Uingereza yalihitaji kuwashusha askari kwenye fuo zisizo na bandari. Chombo kidogo kikikutana na wimbi kubwa karibu na ufuo, hupinduka, na askari mwenye mzigo mgongoni huzama kabla hajaona adui. Kazi ya kutafuta njia ya kuyatabiri mawimbi ilifanywa na wanasayansi wawili wa Taasisi ya Scripps huko California: Harald Sverdrup, mzaliwa wa Norway, na mwanafunzi wake Walter Munk, mzaliwa wa Vienna.

Walilolifanya ni jambo ambalo mwalimu wa Jiografia aweza kulieleza ubaoni kwa dakika chache. Kimo cha wimbi, walisema, hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na umbali wa maji ambao upepo umeyapitia bila kuzuiwa na nchi kavu. Ukiyajua hayo, waweza kukadiria mawimbi yatakayopiga ufuo fulani kesho. Aidha, waliona kwamba macho ya baharia hayahesabu kila wimbi bali huvutwa na yaliyo makubwa. Kwa hiyo wakachukua wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na hadi leo kipimo hicho ndicho kinachotumika katika utabiri wa hali ya bahari duniani kote. Maofisa vijana walifundishwa njia hiyo, na ilikuwa miongoni mwa zana zilizotumika katika kupanga siku ya kushuka Normandy, Juni 6, 1944.

Baada ya kushuka, majeshi hayo yalihitaji bandari. Yakaja na bandari zao mbili, zilizoundwa Uingereza kwa vipande, ambazo ziliitwa Mulberry. Masanduku makubwa ya saruji yalivutwa kuvuka mlango wa bahari na kuzamishwa yawe kuta za kuzuia mawimbi, na ndani yake yakawekwa magati na barabara zilizoelea. Dhoruba iliyoanza Juni 19 iliivunja bandari ya Wamarekani isiweze kutumika tena, ilhali ile ya Waingereza huko Arromanches iliumia lakini ikaendelea kufanya kazi. Msomaji ataona kwamba baina ya Normandy na Gaza ni miaka 80 kamili, na bahari haijabadili tabia yake.

Vita vilipokwisha, Marekani haikuufunga mfuko huo. Mnamo 1946 Bunge la nchi hiyo liliunda Ofisi ya Utafiti wa Jeshi la Wanamaji. Kabla ya kuundwa kwa Wakfu wa Taifa wa Sayansi mwaka 1950, ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa mfadhili mkuu wa serikali kwa utafiti wa kimsingi katika vyuo vikuu, na hata mkurugenzi wa kwanza wa wakfu huo, Alan Waterman, alitoka huko. Mwaka huo huo wa 1950 wahandisi walikusanyika mjini Long Beach, California, katika mkutano wa kwanza wa uhandisi wa pwani, na tangu hapo fani hiyo ikawa na jina lake na mahali pake vyuoni. Huko Port Hueneme, katika jimbo hilo hilo, Jeshi la Wanamaji likawa na maabara ya kuchunguza jinsi saruji na chuma vinavyoliwa na maji ya chumvi. Na mwaka 1977, katika kijiji cha Duck, North Carolina, mahali ambapo ndege za wanamaji zilikuwa zikifanyia mazoezi ya kudondosha mabomu, wahandisi wa jeshi la nchi kavu walijenga gati la utafiti lenye urefu wa mita 560 hivi. Kazi yake si kupokea meli, bali kupima mawimbi, mikondo na mchanga mwaka nenda mwaka rudi.

Basi yatupasa kuwa waadilifu. Fedha hizo zilitolewa kwa ajili ya vita, lakini matunda yake yamewafikia wavuvi, mabaharia, wajenzi wa bandari na wakazi wa miji ya pwani. Anayesema kwamba hakuna jema lililowahi kutoka katika mfuko wa jeshi hajasoma historia.

Hata hivyo, anayesema kwamba mfuko huo hauna masharti naye hajaisoma. Mwenye kulipa ndiye mwenye kuuliza swali, na swali ambalo halikuulizwa halipati jibu. Mnamo 1969 Bunge la Marekani, kwa hoja iliyopewa jina la Seneta Mike Mansfield, lilipitisha kifungu kilichoizuia Wizara ya Ulinzi kugharamia utafiti usiohusiana moja kwa moja na kazi ya jeshi. Walioiunga mkono waliona kwamba elimu ya raia yapasa kulipiwa na taasisi za raia. Lakini watafiti waliokuwa wamezoea fedha hizo walitambua ghafla kwamba kisima walichokuwa wakichota hakikuwa chao.

Kuna na suala la siri. Mwaka 1985 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilirusha setilaiti iliyoitwa Geosat, ambayo ilipima kimo cha uso wa bahari kwa usahihi mkubwa. Kutokana na vipimo hivyo mtu aweza kukisia milima na mabonde yaliyo chini ya maji. Takwimu zake kamili zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995, na punde si punde wanasayansi wakachora ramani ya sakafu ya bahari zote ambayo mfano wake haukuwa umeonekana. Kwa miaka 10 ramani hiyo iliwezekana, lakini ilikuwa imefungiwa kabatini. Elimu iliyofichwa haimfai mvuvi wala mwalimu, hata kama imelipiwa kodi ya wananchi.

Hapa ndipo tunapoigeukia pwani yetu. Kenya ina Jeshi la Wanamaji tangu Desemba 1964, na ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi yenye makao yake Mombasa. Mwaka 2020 iliundwa kampuni ya serikali ya kujenga na kukarabati meli, Kenya Shipyards Limited, iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi na ambayo ina karakana Kisumu na Mombasa. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Yote haya ni mambo ya kujivunia. Ni dalili pia kwamba mkono wa ulinzi unazidi kuingia katika kazi za maji, ambazo zamani tulizihesabu kuwa za uchukuzi na biashara.

Lakini tuitazame mizani ya utafiti. Meli kubwa ya uchunguzi wa bahari tuliyo nayo, Mtafiti, ni zawadi kutoka Ubelgiji. Awamu ya kwanza ya kituo cha pili cha makasha Mombasa ilijengwa kwa mkopo wa Japani, na magati ya Lamu yakajengwa na kampuni ya Kichina. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilielekeza asilimia 2 ya pato la taifa itengwe kwa utafiti, na lengo hilo halijafikiwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Naye anayetegemea utafiti wa nduguye hujenga asichokielewa.

Kuna watakaouliza: kwa nini tuhangaike, ilhali vitabu vimekwisha kuandikwa na wahandisi wapo wa kukodishwa? Jibu ni kwamba kanuni huvuka mipaka, lakini vipimo havivuki. Mchanga wa North Carolina si mchanga wa Malindi. Pwani yetu ina miamba ya matumbawe, ina mikoko, ina kusi inayovuma miezi kadhaa ikiwa imepita maelfu ya kilomita za bahari tupu, na wakati wa bamvua kubwa maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4. Manahodha wetu waliyajua hayo kwa uzoefu wa vizazi, wakayapa majina kabla mhandisi yeyote hajafika. Kinachokosekana ni kuyapima kila siku, kwa miaka 30 au 40, na kuyaandika. Hakuna mfadhili wa kigeni atakayekuwa na subira hiyo kwa niaba yetu.

Gharama ya kutoijua pwani tumekwisha kuionja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ya madhara ya ujenzi wa bandari. Wanaosoma hukumu hiyo kama habari ya fidia tu wanakosa somo lake. Laiti swali la mvuvi lingaliulizwa kabla ya mchanga kuchimbwa, na laiti lingaliulizwa na mtafiti asiyeajiriwa na mjenzi, huenda bandari ingalijengwa bila ya kwenda mahakamani. Dau la mnyonge haliendi joshi, na linapokwenda mrama hakuna wa kuliandikia ripoti.

Je, basi tuzikatae fedha za ulinzi katika utafiti wa pwani? La. Nchi maskini haina anasa ya kuchagua mifuko. Iwapo karakana za jeshi zitahitaji kujua jinsi chelezo kinavyooza au jinsi mkondo wa Kilindini unavyohamisha tope, na wapewe wanafunzi wa uhandisi kazi hiyo. Lakini kuwe na masharti matatu. Kwanza, vipimo vya mawimbi, maji kupwa na kujaa, na mmomonyoko wa fuo vichapishwe. Siri ibaki kwa silaha, isiifunike bahari yote. Pili, fedha za raia zitangulie: asilimia iliyoandikwa katika sheria itolewe, ili mtafiti aweze kuuliza swali la mvuvi bila ya kumwomba ruhusa mtu mwenye vyeo begani. Tatu, kazi iwe ya miaka mingi, kwani bahari haitoi siri zake kwa anayeizuru siku mbili akaandika taarifa.

Walimu nao wana fungu lao. Shule iliyo karibu na maji yaweza kusimika mti wenye alama na kuandika kila siku kimo cha maji, saa, na upepo unakotoka. Baada ya miaka 10 daftari hilo litakuwa na thamani ambayo mwenye kulianzisha hakuidhania, na mwanafunzi aliyelijaza atakuwa amejifunza kwamba sayansi huanza na kuuliza, kisha kuvumilia.

Bahari inapanda, hilo halina ubishi tena. Kuta zitajengwa Mombasa, Lamu na kwingineko, na zitajengwa kwa fedha nyingi. Zitakapojengwa, swali litakuwa kama tunayajua maji yaliyo mbele ya kuta hizo, au kama tumeazima ujuzi wa watu waliokuwa wakijiandaa kwa vita vyao wenyewe, katika bahari zao wenyewe.